Anti, ulimi wangu umekuwa mweupe na wifi ameshanihukumu

BARUA

Anti shikamoo. Naomba jina langu usiliweke kabisa, niite tu Mama K wa Temeke. Nina miaka 33, mtoto mmoja wa miaka 4, mume wangu ni dereva wa malori, anapita Tunduma anavuka Zambia mpaka Kongo kwaiyo akiondoka ni wiki tatu, foleni ikiwa kubwa mpakani hata mwezi. Mimi nauza vitenge na madera hapa mtaani, nakopesha kina mama wenzangu wanalipa kidogo kidogo, maisha yanaenda.

Shida yangu ni mdomo. Mwezi wa tatu niliamka nikaona ulimi una utando mweupe kama mtu aliyekunywa mtindi akasahau kusukutua, na ndani ya mashavu kuna vidoa vidoa. Nikikwangua vinatoka ila chini panabaki pekundu panauma, pengine na damu kidogo. Chakula hakina ladha, pilipili sigusi, hata chai ya moto inachoma. Nikaenda duka la dawa, yule kijana hakuangalia hata mdomo, akaniuzia amoksilini, nikanywa siku tano hali ikawa mbaya zaidi. Nikarudi akanipa kidonge kimoja tu cha flukonazo, kile cha 150, akasema hicho kinamaliza. Kweli nikapata nafuu kama siku nne alafu ikarudi. Jirani akanishauri jivii, nikapaka mdomo ukawa zambarau wiki nzima, nikawa sitoki dukani bila kitambaa. Ikaisha. Mwezi wa sita ikarudi. Sasa hivi ninavyokuandikia ni mara ya tatu, na kila asubuhi nasugua ulimi kwa mswaki na chumvi na limao mpaka machozi yananitoka.

Anti ningevumilia, ila kilichonimaliza ni maneno. Tulikuwa kwenye arobaini ya baba mkwe, tuko jikoni tunapakua pilau, nikacheka, wifi yangu akaniangalia akanyamaza, baadae akanivuta pembeni akaniambia wifi huo ulimi mbona kama wa watu wa dozi, umeshaenda kupima wewe? Akasema na yeye aliwahi kumuuguza shoga yake ilianza hivyo hivyo, mdomo, alafu kukonda, alafu basi. Nilihisi miguu imekufa ganzi. Tangu siku hiyo nalala naamka na hilo tu. Nimetenga kikombe changu na kijiko changu, mwanangu nikimbusu nambusu kichwani. Nimepungua kilo kama tatu ila sijui ni ugonjwa au ni mawazo au ni kwasababu sili vizuri.

Mimi na mume wangu tulipima wote wawili kliniki nikiwa na mimba, tulikuwa salama. Baada ya hapo hatujapima tena. Mimi sijatoka nje ya ndoa, Mungu shahidi. Yeye sijui Anti, siwezi kusema nimemfumania, ila barabara ndefu na wenzake nawasikia wanavyoongea. Mwaka jana nilimwambia twende tukapime tu kama kawaida, akabadilika sura, akaniuliza kwaiyo unaniona mimi malaya, au wewe ndo una la kuficha? Akakaa siku mbili hasemi na mimi. Hajawahi kunipiga ila hasira zake nikizikumbuka naogopa. Anarudi baada ya kama siku kumi. Nikipima kwa siri ikawa ndio, nitamwambia nini? Atasema nimemletea mimi, na wifi atakuwa shahidi wake namba moja. Nikikaa bila kupima nitakufa na presha. Na akirudi atataka haki yake, nimkatalie kwa sababu gani?

Kingine sijui kama kinahusu, mwaka jana nilianza kubanwa na kifua, hospitali wakasema ni pumu wakanipa pampu mbili, ya bluu nikibanwa na ya kahawia kila asubuhi na jioni. Inanisaidia, usiku nalala. Kubanwa kumeisha, sasa hivi nikiamka usiku ni kwenda chooni tu na kunywa maji, joto la Dar unalijua. Marehemu mama yangu yeye hakuwa na pumu, alikuwa na sukari.

Na wifi anakuja jumapili. Akiniuliza tena nimjibu nini? Nisaidie Anti, nimechoka.

JIBU LA ANTI

Marahaba mwanangu Mama K. Pole, na pole nyingine kwa limao, mana nimesoma hapo nikahisi ulimi wangu mwenyewe unawaka. Hilo liache leo hii. Unasugua kidonda kwa chumvi kila asubuhi alafu unajiuliza mbona hakiponi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mimi nimekuwa nesi miaka mingi kabla ya kukaa kwenye hii safu, na kitu kilichonishika siyo pale ulipoandika kuhusu wifi, ni ile aya ya karibu na mwisho uliyoanza na "sijui kama kinahusu". Mwanangu, kinahusu. Nitafika.

Kwanza tuelewane unaniuliza nini, mana kwenye barua yako mambo matatu yamefungwa kwenye kitenge kimoja. Kuna mdomo unaouma na hauponi. Kuna hofu ya virusi vya UKIMWI. Na kuna mume ambaye hamuwezi kuongea kuhusu kupima bila kuzira. Wifi kayachukua yote matatu kayafanya kitu kimoja, ulimi mweupe maana yake ngoma maana yake ndoa imekufa, na wewe ukapokea hivyo hivyo kama ulivyopewa. Mimi nataka tuyafungue.

Tuanze na mdomo. Unavyoeleza, utando kama maziwa mgando, unakwanguka, chini pekundu panatoa damu, ladha imepotea, moto unachoma, hiyo inafanana sana na fangasi wa mdomoni, wale wanaoitwa kandida. Nasema inafanana kwasababu sijauona huo mdomo na lazima mtu auone kwa tochi. Kuna utando mweupe mwingine ambao haukwanguki hata ukikwangua, huo ni habari nyingine na unatakiwa kuangaliwa na daktari wa meno au wa kinywa, usiupake dawa ya fangasi miezi na miezi.

Sasa hawa fangasi usiwaone kama mgeni aliyeingia kwako kwa sababu ya dhambi ya mtu. Watu wengi wazima wenye afya yao wanao mdomoni muda huu, wanakaa kimya, wanabanwa na mate, na bakteria wazuri, na kinga ya mwili. Ugonjwa unatokea pale kimoja kati ya hivyo walinzi kinapoyumba. Kwaiyo swali la maana siyo nani kanipa, ni nini kimebadilika kwangu. Na majibu ya hilo swali ni mengi kweli, mtoto mchanga anapata kwasababu kinga yake bado changa, bibi mwenye meno ya bandia anayelala nayo anapata, mtu aliyemaliza dozi ya antibayotiki anapata, mwenye sukari, mwenye upungufu wa damu, anayetibiwa saratani, mvuta sigara, mwenye mdomo mkavu kwa dawa fulani. Na ndiyo, mwenye virusi ambaye kinga imeshuka anapata, sikufichi.

Na anayetumia pampu ya kahawia anapata. Ile ya bluu inafungua kifua haraka, hiyo haina kesi kubwa na fangasi. Ya kahawia kawaida ni steroidi, inatuliza uvimbe ndani ya njia za hewa na ndiyo maana usiku unalala, ila kila ukivuta sehemu ya dawa inabaki kwenye ulimi na koo, na pale ilipobaki inashusha ulinzi wa hapo hapo mdomoni. Hivi Mama K, waliokupa hizo pampu walikwambia usukutue maji na kutema kila ukimaliza kuvuta? Nauliza kwasababu wengi hawaambiwi, foleni ndefu, nesi mmoja, unapewa boksi unaambiwa asubuhi na jioni kwaheri. Kama huwa unavuta alafu unalala, miezi na miezi, basi tuna mtuhumiwa wa kwanza na hajawahi kwenda Tunduma.

Tafadhali sana usije ukaiacha hiyo pampu baada ya kusoma hapa. Pumu inaua, fangasi wa mdomoni kwa kawaida hawaui. Unachobadilisha ni namna ya kutumia. Vuta, sukutua vizuri mpaka kooni, tema usimeze, na ukiweza panga uvute kabla ya kupiga mswaki. Ukipata speisa, ile chupa ya plastiki inayochomekwa kwenye pampu, dawa nyingi inaenda kifuani badala ya kubaki ulimini. Speisa za dukani ni ghali, najua, lakini Cape Town mwaka 1999 watafiti walionyesha kwa watoto waliobanwa na pumu kwamba chupa ya kawaida ya nusu lita iliyotobolewa kitako ikazibwa vizuri kuzunguka mdomo wa pampu ilifanya kazi kama ya dukani. Mwombe nesi wa kliniki ya pumu akuonyeshe namna ya kutoboa, usikisie, mana ikivuja haina faida.

Mtuhumiwa wa pili ni ile amoksilini. Yule kijana wa duka sitamtukana, ila amoksilini inaua bakteria na fangasi siyo bakteria. Imewafagia wale wazuri waliokuwa wanambana kandida, kwaiyo ndo mana ulizidiwa.

Wa tatu, nakuuliza kwa upole, hiyo ya kuamka usiku kwenda chooni na kunywa maji, ni mara ngapi? Joto la Dar nalijua lakini joto mtu analitoa kwa jasho, halimwamshi kukojoa mara tatu. Mama yako alikuwa na sukari. Umepungua kilo. Sukari ikipanda hata mate yanakuwa na sukari na fangasi wanafurahia, alafu wanarudi kila ukiwatibu. Sisemi unayo, inawezekana ni mawazo tu yanakuamsha na ukishaamka unakunywa maji. Ila ni tone moja la damu ya kidole, asubuhi kabla hujala kitu, ikifika 7.0 mmol/L au zaidi wanarudia kuthibitisha. Hicho kipimo kwa hali uliyonieleza mimi nakiona cha haraka kama kile kingine unachokiogopa, na sidhani kama ulikifikiria hata mara moja, mana wifi hakukitaja.

Dawa nazo tuseme, mana umetibiwa nusu nusu. Kidonge kimoja cha 150 hutumika sana kwa fangasi wa ukeni, ndiyo mana kinauzwa kimoja kimoja. Wa mdomoni wakiwa wengi flukonazo kawaida inaandikwa kila siku kwa wiki moja mpaka mbili, kwaiyo nafuu yako ya siku nne haikuwa dawa kushindwa, ilikuwa dawa kukatika. Wakiwa wachache mara nyingi wanaanza na nistatini ya maji, mara 4 kwa siku baada ya kula, na hapa watu wengi wanakosea, wanaimeza kama dawa ya kikohozi. Inafanya kazi kwa kugusa, izungushe mdomoni uikalishe kadiri unavyoweza ndo umeze, alafu usile wala kunywa kwa kama nusu saa. Mdomo ukishakuwa safi unaendelea siku mbili zaidi, usiache siku unayojiona umepona. Kuna na jeli ya mikonazo ya kupaka. Jivii ilitusaidia sana zamani wakati hakuna kingine, ila ya mdomoni inatakiwa iwe imepunguzwa makali, ile ya vidonda vya mguuni inaunguza, na kuna nchi zimeshatoa tahadhari kuhusu kuitumia, kwaiyo zikiwepo dawa nyingine anza na hizo.

Flukonazo usijinunulie tena bila kumwambia anayekuandikia dawa zako zote, na kama kuna uwezekano wa mimba mwambie, na ikitokea kweli una sukari ukaanzishwa vidonge mwambie pia, kuna vinavyogongana nayo mpaka sukari inashuka ghafla. Mswaki wako uliotumia miezi yote hii tupa, nunua laini. Na ukianza kuumia wakati wa kumeza, maumivu yanashuka mpaka nyuma ya mfupa wa kifua, au umeshindwa kula, hiyo usisubiri miadi wala mume, nenda siku hiyo hiyo, mana fangasi wakishuka kwenye umio wanahitaji tiba nyingine.

Kikombe na kijiko rudisha kabatini na vya wenzako. Mtoto wa miaka 4 mwenye afya hapati shida kwa kikombe chako, fangasi wenyewe pengine anao tayari na mwili wake unawabana. Na hata tuseme jambo lile unaloliogopa lingekuwa kweli, virusi haviambukizwi kwa kikombe, wala kijiko, wala kumbusu mtoto shavuni. Mbusu mwanao. Hilo limenisumbua kuliko yote kwenye barua yako.

Sasa hofu. Najua wifi yako alikotoa hayo maneno na sitaki umchukie. Mimi nimekulia Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika kwetu kule mwaka 1983, watu wakauita Juliana, jina la nguo za biashara ya magendo ya wakati ule, na kwa miaka mingi hapakuwa na kipimo kijijini wala dawa. Kwaiyo watu walijifunza kusoma miili ya wenzao. Mdomo mweupe, nywele kuwa nyepesi, mkanda wa jeshi, kukonda. Na hawakuwa wajinga, fangasi wa mdomoni kweli ilikuwa alama mojawapo, hata wale vijana watano wa Los Angeles walioripotiwa mwaka 1981, ripoti ya kwanza kabisa ya ugonjwa huu, wote walikuwa na kandida. Wifi yako kamuuguza mtu, kaona kwa macho yake, kinachosema pale ni kidonda chake pia. Lakini alama iliyotumika wakati hakuna kipimo siyo kipimo. Fangasi kwa mwenye virusi mara nyingi hujitokeza kinga ikishashuka sana, aghalabu baada ya miaka bila dawa. Na wapo wengi wenye virusi wenye ulimi safi kama wa mtoto. Ulimi hautoi majibu, unasema tu tafuta sababu.

Kwaiyo je, upime? Wewe mwenyewe umeandika ukikaa bila kupima utakufa na presha, nadhani hapo umeshajisikia unachotaka, ila nisikusukume. Kusema kweli hata kama barua yako isingekuwa na maneno ya wifi, mtu mwenye ndoa ambaye amepima mara ya mwisho zaidi ya miaka minne iliyopita, na fangasi wamerudi mara tatu, muuguzi yeyote angekuomba upime pamoja na sukari na wingi wa damu, kama orodha, siyo kama hukumu. Tuangalie milango iliyopo.

Unaweza kwenda peke yako kituo cha serikali, ni bure, na hakuna sheria kwamba lazima kiwe cha mtaani kwako, Dar ni kubwa, panda gari nenda ambako hakuna anayekujua. Faida yake anayekupima anakaa na wewe kabla na baada, na fangasi wanaangaliwa siku hiyo hiyo. Ugumu wake ni kwamba unabeba jibu peke yako mpaka mume arudi, lolote liwalo, na kuna wanawake nimewaona walipata jibu zuri wakashindwa hata kufurahi kwasababu wameenda kwa siri.

Unaweza kutumia kile cha kujipima mwenyewe, JIPIME, sheria yetu iliruhusu tangu 2019. Unapitisha kijiti kwenye fizi unasubiri dakika zinazoandikwa kwenye boksi. Ni siri kuliko vyote. Lakini jiulize, ukikaa chumbani saa tano usiku na mistari miwili, yaani kipimo kimesema ndio, nani atakushika mkono? Na mistari miwili siyo jibu la mwisho, lazima wathibitishe kituoni. Ukikitumia nakuomba iwe asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na mtu mmoja tu unayemuamini anayejua upo unafanya nini. Na kipimo chochote utakachotumia, kikisema hakuna alafu kuna wasiwasi wa miezi mitatu ya karibuni, kinarudiwa.

Unaweza kumsubiri mumeo mpime pamoja kama mlivyofanya kwenye mimba. Hii ni nzuri mana mnapokea jibu wote, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole nyumbani, mshauri yupo katikati. Ila inategemea yeye kukubali, na siku kumi zako zitakuwa ndefu, na fangasi hawatamsubiri, hao watibiwe sasa hivi vyovyote utakavyochagua.

Na mlango wa nne, kurekebisha pampu, kutibu fangasi sawasawa, na kupima sukari kwanza, ukaona kama itarudi. Naelewa kwanini unavutia. Hatari yake ni kwamba mdomo ukipona utajiambia yameisha, na hofu yenyewe hujaigusa, itakuja na upele mwingine au kikohozi kingine.

Kuhusu mume, ngoja nikuulize kitu. Ulipomwambia twende tukapime, yeye alisikia nini? Dereva wa masafa anatuhumiwa kila siku, na mkewe, na mama mkwe, na vibanda vya mpakani. Inawezekana ana la kuficha na inawezekana amechoka tu kuitwa mwenye dhambi kabla ya kesi. Sijui, na wewe umesema hujui. Mwaka jana ulimjia na wasiwasi. Safari hii una mdomo unaouma, anaweza kuuona kwa macho yake. Kuna tofauti kati ya "twende tukapime" na "mume wangu nimeumwa miezi mitatu, dawa za dukani zimeshindwa, nataka wanifanyie vipimo vyote sukari na kila kitu, naomba unisindikize". Huko ndani wanaweza kuwaomba wote wawili, na ombi linatoka kwa daktari siyo kwako. Sikwambii ni hila, ndo ukweli wenyewe ulivyo, unaumwa.

Lakini umeandika unaziogopa hasira zake, na mstari huo sikuupita. Hajakupiga, ila mwili wako unajua kitu. Ukihisi ndani kabisa kwamba jibu baya lingekuweka hatarini nyumbani, basi usimwambie mkiwa wawili tu na mlango umefungwa, mwambie anayekupima hilo hilo ulilonambia mimi, wamefundishwa namna ya kumwita mwenza na kumwambia wakiwepo. Na kuhusu haki yake akirudi, "mdomo unaniuma na niko kwenye dozi" ni sababu ya kweli kwa siku kadhaa. Kondomu ni njia nyingine mpaka mpime, najua katika ndoa kuomba kondomu nako ni kama kutoa tuhuma, kwaiyo pima mwenyewe ipi inakugharimu kidogo. Na hakuna haki inayokulazimisha ukiwa unaumwa au unaogopa.

Umeuliza ikawa ndio je. Mwanangu, nimefanya kazi CTC, kliniki ya tiba ya wenye virusi, wakati ambapo tulikuwa tunawazika tuliowahudumia, na nimeendelea mpaka wakati ambapo wanakuja na wajukuu wao. Dawa ni bure, zinaanzishwa mapema, na mtu akizinywa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Zipo ndoa mmoja anavyo na mwingine hana, wanaishi, wanazaa. Na kipimo hakisemi nani alianza, hicho hakuna mashine inayokisema, kwaiyo wifi hawezi kuwa shahidi wa kitu ambacho hata maabara hawakijui. Shoga yake aliyemuuguza sijui alichelewa wapi, ila wewe hujachelewa popote.

Unaona sijakuchagulia mlango. Nisingeweza, mimi sitakuwepo akirudi. Ila kesho asubuhi sukutua ukishavuta pampu, na kabla ya chai katafute mtu wa kukuangalia huo mdomo kwa tochi, mwambie kuhusu pampu, amoksilini, kidonge kimoja, jivii, kilo tatu, choo cha usiku na mama yako. Yaandike kwenye karatasi kama ulivyoniandikia, ukifika mbele ya daktari utasahau nusu.

Na jumapili wifi akiuliza, huna deni la maelezo kwake. Ukitaka mwambie "ni fangasi wifi, ni ya pampu ya pumu wanasema inawezekana, nimepewa dawa na vipimo nafanya", umpe sahani ya pilau mkae mle. Ukiona ana nafasi, muulize kuhusu yule shoga yake aliyemuuguza. Nahisi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Anti